Kompyuta imekufa, mafaili yako hai: namna ya kuyatoa kwenye diski ya zamani

Dada yangu aliniletea sipiyu ikiwa imefungwa kwa kanga. Ana duka la steshenari, anachapa mitihani ya shule na picha za pasipoti. Umeme ulikatika saa mbili usiku, ukarudi kwa kishindo, na tangu hapo boksi halikuwaka. "Mdogo wangu, usiniambie imekufa," alisema kabla hajakaa. Nikaifungua: vumbi la miaka, mayai mawili ya mjusi, na kwenye madabodi (ubao mkuu) kapasita nne zimevimba vichwa kama maandazi. Kompyuta ilikuwa imekufa kweli. Diski yake, GB 160 ya mwaka 2009, wala haikuwa na habari ya kifo hicho.

Watu wengi huchanganya kifo cha kompyuta na kifo cha diski. Pawa saplai, madabodi, RAM (kumbukumbu ya muda) na kioo vyote vinaweza kufa bila kugusa faili hata moja, kwa sababu mafaili hayakai huko. Yanakaa kwenye diski, na diski unaichomoa na kuichomeka kwingine kama kaseti. Ila diski ya miaka kumi na tano ni mzee: anaweza kutembea vizuri leo, kesho asiamke. Kwa hiyo kila hatua hapa chini imepangwa kwa hofu hiyo. Tunasoma tu, hatuandiki chochote juu ya diski ya zamani, na kilicho cha thamani kinatoka kwanza.

Kabla ya kushika bisibisi

Hakikisha kwanza kwamba mgonjwa amekufa. Laptopu yenye kioo cheusi lakini feni inazunguka, ichomeke kwenye televisheni kwa waya wa HDMI. Mara nyingi utakuta kila kitu kipo. Kompyuta inayopiga milio na haionyeshi picha, izime, chomoa RAM, futa meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka ishike. Mafundi wamekula pesa nyingi kwa kazi hiyo ya dakika tano.

Kama mashine inawaka ila Windows ndiyo haiingii, huna haja ya kuichomoa diski. Tengeneza flashi ya Ubuntu (mfumo wa bure unaofanya kazi mahali pa Windows) kwenye kompyuta nyingine kwa programu ya Rufus, iwashe mashine kutoka kwenye flashi hiyo, chagua kujaribu bila kusakinisha, kisha nakili mafaili kwenda diski ya nje. Usibonyeze kitufe cha kusakinisha kwa bahati mbaya. Nimeshuhudia mtu akifuta miaka sita ya kazi namna hiyo, huku akinishukuru kwa maelekezo.

Sasa swali ambalo ni bora uulize mapema: je, diski imefungwa kwa msimbo? Kompyuta nyingi za Windows 10 na 11, hasa zilizosajiliwa kwa akaunti ya Microsoft, hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila mwenyewe kujua. Ukiichomeka kwingine itakuomba ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya mwenye kompyuta, fungua aka.ms/myrecoverykey kwa simu na uingie kwa barua pepe yake. Bila ufunguo huo hakuna fundi wala programu itakayokusaidia, na anayekuambia anaweza anataka nauli yako.

Kuna mashine ambazo njia ya kuchomoa haipo kabisa. Mac zenye chipu ya usalama ya T2, na zile za chipu ya M1 kuendelea, hufungamanisha hifadhi na chipu yenyewe. Hapo kinachotafutwa ni fundi wa kufufua madabodi. Laptopu ndogo za bei nafuu zenye hifadhi ya GB 32 au 64 nazo mara nyingi zimechomelewa hifadhi hiyo ubaoni.

Kuitoa na kuitambua

Zima, chomoa waya wa umeme, toa betri ya laptopu, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa diski. Pawa saplai usiifungue. Kapasita zake hushika umeme hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Diski ya kompyuta ya mezani ina upana wa inchi 3.5, ya laptopu inchi 2.5. Angalia meno yake. Yenye vipande viwili bapa vya plastiki, kimoja kifupi cha data na kimoja kirefu cha umeme, ni SATA, na hiyo ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi. Yenye safu mbili za pini kama kitana ni IDE, ya zamani zaidi: pini 40 kwa ya mezani, 44 kwa ya laptopu. Kijibanzi chembamba kama kipande cha ubani ni M.2. Hapa kuwa macho, kwa sababu M.2 ziko mbili zinazofanana: ya SATA huwa na pengo mbili kwenye meno, ya NVMe pengo moja, na kasha la USB la moja halisomi nyingine. Kuna makasha yanayosoma zote. Ukipata hilo chukua.

Utahitaji adapta ya USB. Ya diski ya inchi 2.5 hupata umeme wake kwenye USB yenyewe. Ya inchi 3.5 lazima iwe na chaja yake ya volti 12, na watu hununua ile ndogo kwa kuona bei, kisha wanasema diski imekufa wakati imekosa chakula tu. Kama una kompyuta nyingine ya mezani, huhitaji kununua kitu: ichomeke diski humo ndani kwa nyaya za SATA, pembeni ya diski yake ya kawaida, ila kwenye kuwasha hakikisha inaanza kwa diski yake na si ya mgeni.

Diski za nje nazo zina hila yake. Baadhi zina soketi ya USB iliyochomelewa kwenye ubao wa diski, ndani hukuti SATA. Nyingine husimba data kupitia kile kibao kidogo cha kasha, hivyo ukiitoa diski na kuichomeka moja kwa moja inaonekana tupu. Kabla ya kuomboleza, irudishe kwenye kasha lake ujaribu waya mwingine.

Sikiliza

Weka diski juu ya meza imara, juu ya kitu kisichopitisha umeme, na usiishike ikizunguka. Washa. Kitu cha kwanza ni sikio lako.

Diski yenye afya huanza kwa mvumo unaopanda, kisha mikwaruzo midogo laini, halafu inatulia. Hiyo endelea nayo. Ikipiga tak, tak, tak kwa mpigo uleule, kisha ikanyamaza au ikarudia, vichwa vyake vya kusomea vimeshindwa. Izime hapo hapo. Si baada ya kujaribu mara moja zaidi. Kila mzunguko unaweza kuwa unakwangua sahani ambako picha zako zimeandikwa. Ikilia mlio mwembamba wa mbu bila kuzunguka, mota imekwama, au, kwa diski ndogo ya laptopu, umeme wa USB hautoshi: jaribu soketi ya nyuma ya kompyuta ya mezani, mara moja tu. Kimya kabisa, bila hata mtetemo, mara nyingi ni ubao wa chini umeungua.

Kwa diski inayogonga, acha yote uliyosikia mtaani. Kuiweka kwenye friza kunaleta umande ndani. Kuipiga kofi ni kuipiga kofi. Kuifungua mezani ndiyo mbaya kuliko zote: kichwa kinaelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache, chini sana ya upana wa unywele, na punje ya vumbi hapo ni jiwe barabarani. Kubadilisha ubao kutoka diski inayofanana nako hakutoshi tena kwa diski za miaka hii, kwa sababu ubao hubeba chipu yenye vipimo vya diski ile moja tu. Lazima chipu ihamishwe pia. Hizo ni kazi za maabara yenye chumba kisicho na vumbi. Muulize fundi swali moja: anafungulia wapi? Akikuonyesha meza iliyo karibu na feni, beba diski yako.

Ikichomekwa: usikubali kila unachoombwa

Windows ina huruma ya kupita kiasi. Itakuambia diski inabidi ifomatiwe kabla ya kutumika, bonyeza Cancel. Itakuuliza kama ikague na kurekebisha, kataa. Ukiingia Disk Management (programu ya Windows inayoorodhesha diski zote) itataka ianzishe diski upya, kataa. Usiendeshe chkdsk, mkaguzi wa diski wa Windows. Zote hizo huandika juu ya diski, na chkdsk ikikutana na diski mbovu inaweza kuhamisha na kukata vipande vya mafaili ambavyo bado vingeokolewa.

Kama diski haionekani kwenye orodha ya kawaida lakini Disk Management inaiona na sehemu zake ni nzima, huenda imekosa herufi tu (kama E:). Ipe herufi, itafunguka.

Kisha pima afya. CrystalDiskInfo ni ya bure na inasoma ripoti ambayo diski hujiandikia yenyewe. Angalia mistari mitatu: 05, C5 na C6. Ya kwanza ni sekta (vijisehemu vidogo vya diski) zilizokwisha kuhamishwa, ya pili ni zinazosubiri hukumu, ya tatu ni zilizoshindikana. Zote zikiwa sifuri, pumua. Mstari wa C7 ukipanda peke yake, tatizo kwa kawaida ni waya. Programu hiyo isipobadilishwa huandika tarakimu kwa hesabu ya kumi na sita: diski ya dada ilionyesha C5 ni 38, maana yake sekta 56 (3 mara 16, ongeza 8). Si nyingi, ila ni mlango uliokwisha kupasuka. Adapta nyingine za bei ya chini hazipitishi ripoti hii. Hapo sikio linabaki kuwa kipimo.

Diski yenye afya: nakili kwa akili

Mali iko kwenye folda ya Users, ndani ya jina la mtumiaji: Desktop, Documents, Pictures, Downloads. Kwenye Windows XP folda hiyo inaitwa Documents and Settings. Angalia pia mzizi wa diski D, maana watu wetu wameambiwa na fundi miaka yote waweke vitu D. Barua pepe za Outlook ziko kwenye faili la .pst; mpe mwenye kompyuta nafasi ya kukumbuka alipoliweka.

Ukijaribu kufungua folda la mtumiaji, Windows itasema huna ruhusa. Ukibonyeza Continue itaanza kubadilisha ruhusa za mafaili yote, yaani kuandika. Mimi hupita kando kwa robocopy, ambayo imo ndani ya Windows. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike, ukibadilisha herufi na jina kulingana na kwako:

robocopy E:\Users\asha D:\Akiba\asha /E /B /XJ /R:1 /W:1 /LOG:D:\Akiba\kumbukumbu.txt

/E inachukua folda zote na zilizo ndani yake. /B inapita juu ya ruhusa bila kuzibadilisha. /XJ inazuia ile mizunguko ya folda za Windows zinazojirudia ndani kwa ndani mpaka diski inajaa. Muhimu kuliko zote ni /R:1 na /W:1: usipoziandika, robocopy itajaribu faili bovu mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na utaikuta asubuhi bado imesimama palepale. Mwishoni soma kumbukumbu.txt uone yaliyoshindikana.

Muda ukadirie mapema. Kwa USB 2.0 utapata kama MB 35 kwa sekunde, hivyo GB 500 ni karibu saa nne. Zima usingizi wa kompyuta, na uwe na nafasi ya kutosha unakopeleka.

Diski dhaifu: piga picha nzima kwanza

Kasi ikishuka hadi kutambaa, folda ikachukua dakika kufunguka, au C5 ikawa na namba, acha kunakili faili moja moja. Kila faili bovu linailazimisha diski kurudia sehemu ileile iliyoumia. Unachotaka sasa ni nakala ya diski yote, sekta kwa sekta, ndani ya faili moja, ili uchimbaji ufanyike kwenye nakala na mzee apumzike.

Kwa dada nilivunja kanuni kidogo. Mitihani ya kesho yake ilikuwa MB chache kwenye folda moja. Niliitoa kwanza, nikampa kwenye flashi, ndipo nikaanza. Ungekuwa na haraka kama yake ungefanya hivyo hivyo.

Chombo ni GNU ddrescue, na kinapatikana Linux, ukoo wa mifumo ambao Ubuntu imo. Windows ikichomekewa diski huandika vitu vyake vidogo bila kukuuliza, hivyo kwa diski dhaifu tumia ile flashi ya Ubuntu. Ukiwa na intaneti fungua terminali (dirisha la kuandika amri):

sudo add-apt-repository universe
sudo apt update
sudo apt install gddrescue testdisk

Kisha andika lsblk uone diski zote kwa ukubwa wake. Hapa chukua dakika mbili nzima. Tambua kwa GB ipi ni mgonjwa, yaani diski ya zamani, na ipi ni ya kupokelea; ukizigeuza, utamwaga utupu juu ya picha za watu. Ya kupokelea iwe na nafasi inayozidi diski nzima ya zamani, siyo tu mafaili yaliyomo, na isiwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32, kwani huo haupokei faili linalofika GB 4. Kama Ubuntu imeifungua diski ya mgonjwa yenyewe, ifunge kwa sudo umount /dev/sdb1. Tuseme mgonjwa ni sdb, na ya kupokelea inaitwa AKIBA:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb /media/ubuntu/AKIBA/diski.img /media/ubuntu/AKIBA/diski.map

Mzunguko huu unabeba yote yanayosomeka kwa urahisi na kuruka penye maumivu. Ukiisha, rudi kwa mabaki:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb /media/ubuntu/AKIBA/diski.img /media/ubuntu/AKIBA/diski.map

Faili la .map ndilo linalonifanya niipende programu hii kuliko za kulipia. Linaandika kila sehemu iliyosomwa. Umeme ukikatika katikati, na kwetu utakatika, laptopu itabaki na betri lakini diski ya volti 12 itazima. Ukirudi, hakikisha kwa lsblk kwamba mgonjwa hajabadilishiwa herufi, andika amri ileile, na kazi inaendelea ilipoishia. Usilifute faili hilo mpaka mwisho kabisa.

Weka feni ndogo ipulize diski, maana mzigo huu unaipasha moto. Ya dada ilimaliza mzunguko wa kwanza kwa saa moja na nusu. Zile sekta chache za mwisho zilikula usiku mzima, na asubuhi zilikuwa zimebaki kilobaiti 24 zisizosomeka katika GB 160.

Sasa fungua nakala. Ubuntu hukubali kulifungua faili la .img kwa kubonyeza kulia na kuchagua kiunganishi cha picha za diski (Disk Image Mounter), kwa kusoma tu. Terminalini ni:

sudo losetup -f --show -P -r /media/ubuntu/AKIBA/diski.img

Itakujibu jina, tuseme /dev/loop12. Basi sudo mount -o ro /dev/loop12p1 /mnt, na folda zako ziko ndani ya /mnt. Diski yenye sehemu kadhaa itakuwa na p2, p3 na kuendelea. Kwa anayebaki Windows, 7-Zip nayo hufungua picha ya namna hii na kukuonyesha mafaili ya NTFS (mpangilio wa diski za Windows).

Folda zikiwa hazionekani

Ikiwa jedwali la sehemu au la mafaili, yaani orodha ya nini kiko wapi, ndilo lililoumia, endesha TestDisk juu ya .img, siyo juu ya diski. Chagua Analyse, kisha Quick Search. Sehemu ikijitokeza bonyeza P uone mafaili yake, a kuyachagua yote, C kubwa kuyanakili. Majina na folda vinarudi kama vilivyokuwa. Usibonyeze Write kwa sababu tu kipo.

TestDisk ikishindwa, ndugu yake PhotoRec anabaki. Yeye hasomi majedwali hata kidogo. Anapita sekta kwa sekta akitafuta sahihi za mwanzo wa mafaili, kwa mfano baiti FF D8 FF zinazoanzisha kila JPEG. Bei yake ni majina: unapata maelfu ya f0123456.jpg ndani ya recup_dir.1, .2, .3. Ingia File Opt uache alama kwenye aina unazotaka tu, la sivyo utapewa na vialama vyote vya Windows. Kisha panga kwa ukubwa. Zilizo chini ya KB 50 kwa kawaida ni takataka za kivinjari.

Kwa SSD, diski ya chipu isiyo na sahani, matumaini ni madogo kwa yaliyofutwa. Amri ya TRIM huiambia SSD isafishe nafasi za mafaili yaliyofutwa, na ikishasafisha PhotoRec haikuti kitu. Yasiyofutwa yatatoka kama kawaida, ila SSD inayokufa haigongi, na mara nyingi haionyi, inatoweka tu.

Kabla ya kumrudishia mwenyewe

Fungua mafaili, usihesabu tu. Ukubwa unaweza kuwa sahihi na ndani pameoza. Kwa dada picha tatu za kipaimara zilifunguka nusu: juu watoto wenye mashati meupe, chini ukanda wa kijivu kuanzia kiunoni. JPEG ikipoteza kipande katikati, kilichofuata hakisomeki sawasawa. Moja tulipata nakala yake kwenye WhatsApp ya shangazi, imefifia, lakini sura zipo.

Nakili yote sehemu mbili, flashi moja haitoshi. Diski ya zamani iweke kwenye bahasha ya kaki yenye tarehe na jina, miezi mitatu au zaidi, maana kuna folda ambalo mtu hulikumbuka wiki ya sita. Baada ya hapo usiitupe wala kuiuza nzima. Nzima kiafya, iandike sifuri mwanzo hadi mwisho. Mbovu, itoboe kwa drili kupita kwenye sahani. Ila angalia unatoboa nini: sahani za diski za mezani kwa kawaida ni aluminiamu, za laptopu nyingi ni kioo, na hupasuka vipande vyembamba kama wembe. Vaa miwani, na uifunge kwanza kwenye kitambaa kizito.